Siku Tulipokosa Super

Mimi ndiye niliyesema tuweke ordinaire, petroli ya kawaida, ndani ya gari. Naanza na hilo kwa sababu katika familia yetu halisemwi. Kaka yangu hajawahi kulitamka, mama alikufa bila kulitamka, na hata mke wangu, ambaye hana desturi ya kumeza maneno, akifika hapo analiruka kama mtu anavyoruka mfereji. Basi nalisema mwenyewe.

Ninafundisha kemia na fizikia kwenye shule moja ya sekondari ya kanisa hapa Butembo, mashariki ya Kongo, na ninakaa mtaa wa Mususa. Kaka yangu ananizidi miaka saba. Baba alipofariki, yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza sekondari. Aliacha shule akaingia shambani, ili mimi nisiache. Shamba lilikuwa la kakao, nje ya mji wa Beni, miti iliyopandwa na baba kwa mikono yake. Kaka alivuna, alianika mbegu kwenye maturubai mbele ya nyumba ya mama, akanunua na za majirani, akazipeleka kwenye depo za Butembo. Kila daftari nililoandika, mpaka la mwisho la chuo kikuu, lilitoka kwenye kakao hiyo. Siku nilipopata diploma alianza kuniita Prof, na hakuwa na mzaha ndani yake. Aliitamka kama mtu anayetaja shamba lake jingine.

Miaka mingi alisafiri juu ya malori, amekaa kwenye magunia. Siku moja malori yalikuwa matatu, yakifuatana. La kwanza lilisimamishwa na waasi, wale wa msituni, likachomwa. Kaka alikuwa kwenye la pili. Aliruka, akalala kwenye matete mpaka jua likageuka, halafu akatembea. Alipofika kwangu alinawa mikono, akala ugali wa bundu na mboga ya sombe, akanawa tena. Ndipo aliposema: "Ile njia inaomba gari yenye kukimbia."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshtuka. Lakini mavuno mawili baadaye alivuka mpaka, akakaa Kampala siku kumi, akarudi na gari. Ilikuwa ya Kijapani, ya rangi ya majivu, usukani kulia kama magari mengi ya hapa kwetu, na juu ya kapo, kifuniko cha injini, ilikuwa na tundu pana kama pua ya kiboko. Watoto wa mtaa waliuliza kama ni la kuingiza mvua. Kaka alieleza kwamba ni la kupoza turbo. Turbo ni nini? Alinitazama mimi nijibu. Nikasema ni kinu kidogo kinachozungushwa na moshi wa gari lenyewe, kinasukuma hewa nyingi ndani ya injini, na kwa hiyo injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa. Watu walitikisa vichwa. Kaka alitabasamu, kama kwamba gari hilo na mdogo wake vyote viwili ni mali aliyoijenga.

Kwenye kifuniko cha tangi, upande wa ndani, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa yenye maandishi ya Kijapani, na chini yake neno moja la herufi zetu, lililofutika nusu. Muuzaji wa Kampala alikuwa amemwambia: huyu anakunywa super, usimpe kingine. Jioni hiyo, mezani kwangu, kaka aliuliza: "Mais Prof, super na ordinaire, tofauti yake njo nini? Super iko na nguvu mingi?"

Nilifurahi kuulizwa. Lazima nikiri hivyo, kwa sababu furaha hiyo ilifanya kazi yake baadaye. Nilimwambia kwamba watu wengi wanakosea. Super haina nguvu zaidi ya ordinaire. Ina subira zaidi. Ndani ya injini esansi, yaani petroli, inabanwa pamoja na hewa, inabanwa sana, na inatakiwa ingoje mpaka buji, ile plagi, itoe cheche. Ordinaire ikibanwa kupita kiasi haingoji, inajiwakia yenyewe kabla ya saa yake, na pistoni inapigwa wakati bado inapanda. Ndiyo ule mlio wa kugonga. Na gari lenye turbo linabana kuliko magari mengine.

"Kumbe," kaka akasema. "Super njo esansi yenye kuvumilia."

Alilipenda neno hilo. Nilimsikia akiwaeleza watu wengine kwenye foleni ya kituo, akinitaja, mdogo wangu alisema hivi, mdogo wangu prof.

Wakati huo super ilipatikana, ingawa si kila mahali. Kituo kimoja, upande wa juu wa mji, kilikuwa na pompi yake ya peke yake. Kaka alijaza hapo, na nyuma ya gari aliweka bidon mbili za akiba, madumu yaliyofungwa kwa kamba ya mpira. Miezi ile ilikuwa mizuri. Nasema hivyo bila kuogopa, kwa sababu ilikuwa mizuri kweli. Alikwenda Beni asubuhi, akarudi mchana, huku malori bado yanapanda mlima wa Kabasha kama wazee wanaokwenda kuchota maji. Mara moja alinichukua. Sijui kuendesha, na sikuwahi kukaa ndani ya kitu chenye kukimbia vile. Vumbi lilibaki nyuma yetu kama kitambaa kilichotupwa. Tulipofika kwenye kile kipande ambacho kila mtu anakijua, ambapo pembeni kuna mifupa ya malori yaliyoungua, kaka alikanyaga tu, turbo ikapiga filimbi, na nilipohesabu mizoga mitatu tulikuwa tumekwishapita.

Kule Beni mama alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Kaka alikuwa amempigia simu tulipokuwa tunatoka Butembo, na maji ya bundu yalikuwa hayajachemka. "Mumepita wapi?" akauliza. Akaizunguka gari, akaigusa pale kwenye tundu la kapo kwa kiwiko ili asiichafue. "Wasingya," akaiambia gari, shukrani ya Kinande, kama mtu anayemshukuru mgeni aliyemletea watoto.

Mama alikuwa shemasi katika kanisa lake. Alikaa peke yake katika nyumba tuliyozaliwa, na nyuma ya nyumba, kati ya mibuni, ndipo baba alipozikwa. Kila tulipomwambia aje Butembo alijibu vilevile: "Nitaacha baba yenu na nani?" Na tulikuwa na gari. Gari lilitufanya tuache kubishana naye, kwa sababu tulijiambia kwamba siku ikiwa mbaya tutakwenda kumchukua, ni muda wa kusali ibada moja tu.

Halafu njia ya Kasindi, ambako mafuta yote yanaingilia kutoka Uganda, ikafungwa. Haikuwa mara ya kwanza, lakini safari hii wiki zilipita. Pompi ya super ilivikwa gunia. Baada ya siku chache na pompi ya ordinaire ikavikwa la kwake. Ikabaki esansi ya barabarani, kwenye bidon na chupa, yenye kupita njia ambazo hakuna anayeuliza.

Kaka aliliegesha gari uani kwake, hapa Butembo, akalifunika turubai. Kila asubuhi aliliwasha kidogo, akalisikiliza, akalizima. Fundi wake, mzee mmoja wa hapa Mususa ambaye vidole vyake viwili vimekufa ganzi kwa kuungua mara nyingi, alimsifu kwa kufanya hivyo. "Hii ya mu bidon, banachanganya na mafuta ya taa," fundi akasema. "Moto, hii ya magurudumu mbili, inakubali. Lori ya zamani inakubali. Huyu hapana. Umuache alale."

Akalala wiki mbili na siku kadhaa.

Mama alipiga simu siku ya Jumanne, nikiwa darasani. Sikupokea. Akampigia kaka. Kaka alikuja shuleni kwa miguu, akasimama kwenye dirisha mpaka nikamwona, nikatoka uani. Alisema watu wameuawa usiku kwenye mtaa wa tatu kutoka kwa mama. Majirani wanafunga mizigo. Kanisa limejaa wanaolala chini. Mama mwenyewe alikuwa amesema maneno matatu tu, kwa sauti ya kawaida: "Batoto, mukuje munikamate." Hakuwahi kutuomba tumchukue.

Nyonga ya mama ilikuwa mbovu, hakuweza kupanda moto, yaani pikipiki, hata kwa mwendo mfupi. Magari ya abiria siku hiyo hayakushuka Beni. Katika tangi kulikuwa na super kidogo, pengine ya kufika nusu ya njia. Na kituo kilikuwa kimetangaza kwamba lori la super limeonekana upande wa pili wa mpaka, litaingia Alhamisi, au Ijumaa.

Tulikwenda tukasimama mbele ya meza ya muuza esansi, mwanamume mkimya mwenye funeli ya chupa iliyokatwa. Esansi yake ilikuwa safi kwa macho, ya rangi inayotakiwa. Kaka hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Prof. Tungoje super, ao tuweke hii?"

Nilifikiri haraka, na nilifikiri vizuri, ndivyo nilivyoona. Nilimwambia mambo mawili. La kwanza, magari ya siku hizi yana kitu kama sikio kwenye injini. Kikisikia kugonga, kinachelewesha cheche, gari linapungukiwa nguvu lakini haliumii. La pili, sisi tunakaa juu ya milima. Huku juu hewa ni nyembamba, injini inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, kwa hiyo haihitaji subira nyingi. Nilikuwa nimelisoma hilo katika kitabu, na ni kweli. Nikamalizia, nikimwita Yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa: "Weka ordinaire, Yaya. Uende polepole tu kwenye kupanda."

Akasema: "Sawa. We njo unajua." Akafungua kifuniko mwenyewe.

Kwenda Beni ni kushuka. Gari lilikwenda kama lililosahau kwamba limebadilishiwa chakula. Tuliwapita watu wakipanda kwa miguu na magodoro kichwani, mbuzi wamefungwa kamba, mwanamke mmoja amebeba mlango. Tukafika nyumbani. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti nje, amevaa kitenge chake cha kanisa, na pembeni yake mfuko mmoja, Biblia, beseni, na kuku amefungwa miguu. Aliomba tumngoje kidogo. Akazunguka nyuma ya nyumba, akakaa huko kwenye mibuni. Tulisikia anasema kwa Kinande, si kwa kulia, anaeleza tu, kama anavyoeleza mtu anayekwenda sokoni. Halafu akafunga mlango, ufunguo akampa jirani mmoja mlemavu ambaye hakuwa na wa kumchukua, naye hakutuomba nafasi. Nafasi ilikuwepo. Hilo pia halisemwi.

Geji ilionyesha kwamba esansi ya kurudi haitatosha. Kwenye kona ya kutokea mji mwanamke mmoja alikuwa bado anauza, bidon moja imebaki, naye amekwishafunga mtoto mgongoni tayari kuondoka. Nilishuka kumshikia funeli. Nilikuwa karibu. Harufu ilinipanda puani, na niliitambua mara moja, kwa sababu nimesoma miaka sita ya sekondari kwa taa ya kibatari. Ilikuwa harufu ya vitabu vyangu. Mafuta ya taa hayana subira kabisa, ni jambo ninalowafundisha wanafunzi. Nilishika funeli mpaka bidon ikaisha. Sikusema kitu. Nilikuwa nimekwishasema ordinaire ni sawa, mama alikuwa ndani ya gari, na barabarani watu walikuwa wanaanza kukimbia badala ya kutembea. Hizo ni sababu. Nilizipanga baadaye. Wakati ule nilinyamaza tu.

Mlima ulipoanza, gari likaanza kugonga. Kwanza kama mtu anayetikisa maharagwe ndani ya mkebe, mbali. Kaka akapunguza. Ikatulia. Akaongeza kidogo, ikarudi, safari hii kama kokoto.

"Unasikia?" akauliza.

"Nasikia. Usikanyage. Itajipunguza yenyewe."

"Imejipunguza zamani. Haina nguvu tena."

Na ni kweli, gari lilikuwa linapanda kama lori. Tulifika kwenye kile kipande cha mizoga katika mwendo ambao mtu angeweza kutufuata kwa baiskeli. Kwenye majani upande wa kushoto kitu kilitikisika. Pengine mbuzi. Pengine upepo. Kaka aliona, mimi niliona, mama alikuwa amefumba macho.

"Yaya, usikanyage," nikasema.

"Prof, hapa haiko fasi ya kwenda polepole."

Akakanyaga. Turbo ikapiga filimbi yake, gari likaruka mbele, na kwa muda wa pumzi tatu au nne ilikuwa kama zamani. Halafu kukawa na mlio mmoja, mzito, kama nyundo kwenye mlango wa chuma, moshi wa buluu ukajaa kioo cha nyuma, na injini ikanyamaza. Tukaserereka mpaka pembeni, hatua thelathini tu kutoka kwenye lori lililoungua.

Mama akafumbua macho, akauliza sababu. "Juu ya nini tunasimama?"

Kaka alishuka, akafungua kapo, akasimama anatazama. Hakugusa kitu. Nilikwenda nikasimama karibu naye. Chini kulikuwa na mafuta meusi yanadondoka kwenye vumbi. Ndege walikuwa wanalia kama siku yoyote. Basi dogo moja likapanda, limejaa watu mpaka juu. Nikapunga mkono, dereva akaongeza mwendo, na nikaona nyuso za abiria zikigeuka pamoja upande mwingine. Simlaumu. Moto mbili zikapita vilevile. Mama alikuwa amekaa na kuku kwenye mapaja, anasali kwa sauti ndogo, na nilipomsikiliza nikajua haombi tuokolewe. Alikuwa anawaombea waliotupita.

Kaka aliniambia nimchukue mama tutembee, yeye atabaki na gari. Nikamwambia mama hawezi kutembea. Akasema: "Basi mubebe." Mama akasema kutoka ndani: "Hakuna wa kunibeba. Nitabaki na mutoto yangu." Tukabaki wote.

Waliokuja walikuwa askari wawili wa serikali kwa miguu, kutoka kituo cha chini. Mmoja alikuwa mtu wa mbali, kutoka jimbo la Équateur, alizungumza Lingala zaidi kuliko Kiswahili, na macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Papa, awa te," akamwambia kaka. "Hapa hapana fasi ya kusimama." Kaka akamwonyesha mafuta chini. Askari akatazama gari kwa muda, tundu la kapo, magurudumu mapana, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba ni gari zuri sana. Halafu akaenda akasimama katikati ya barabara, silaha mkononi, na lori la mbao lililokuwa linapanda likakosa la kufanya. Tulivutwa kwa waya mpaka Butembo. Kaka alikaa kwenye usukani, mgongo wima, kama anayeendesha.

Jumapili ile kanisani tulisimamishwa mbele, watu wakamshukuru Mungu kwa ajili yetu. Na mimi nilishukuru. Tulikuwa hai, wote watatu.

Fundi alifungua injini siku ya Jumatatu. Alitoa pistoni moja, akaifuta kwa kitambaa, akanipa niishike. Ukingo wake ulikuwa umemegeka kama biskuti iliyogugunwa na panya. "Muliweka nini?" akauliza.

"Ordinaire," kaka akasema.

"Na juu ya nini?"

Nikamweleza sababu zangu, kuhusu sikio la injini, na kuhusu milima, hewa nyembamba. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, ndivyo tulivyo na walimu. Kisha akagonga turbo kwa ufunguo wa spana. "Mais prof, huyu hangojee hewa ya mulima. Huyu anaisukuma mwenyewe. Kwake yeye, Butembo na Beni iko fasi moja."

Nilikuwa nimelieleza jambo hilo mwenyewe, kwa watoto wa mtaa, siku gari lilipofika. Nilikuwa nimelisahau mbele ya meza ya muuza esansi. Nimefundisha miaka kumi na minne na sijui namna ya kueleza kusahau kwa aina hiyo. Sikio je? Fundi alisema sikio lilisikia, lilifanya lililoweza, lakini kwa uchafu ule hakuna sikio linalotosha.

Kaka hakusema neno la lawama. Ila kuanzia siku ile sikumsikia tena akiniita Prof. Aliniita mudogo, kama alivyoniita nikiwa mtoto, na kwa upole uleule.

Injini nyingine ilitakiwa kutoka Kampala, na njia ilipofunguliwa kaka hakuwa tena na cha kuinunulia, kwa sababu kakao ya msimu ule ilivunwa na wengine, au ilianguka ikaoza, hatujui. Wale wa msituni waliingia mpaka kijiji cha shamba, na wakulima waliobaki wakatoka. Mwaka uliofuata mtu mmoja aliyepita karibu alituambia magugu yamefika juu ya kichwa. Gari liliuzwa vipande. Turbo ilikwenda kwanza, halafu magurudumu, viti, taa. Mwishoni lilibaki ganda uani, na majirani wa mtaa wa Vulamba, ambako kaka alikuwa amepanga nyumba, waliliomba kwa ajili ya kufungia kuku.

Mama alikaa kwetu. Hakuzoea baridi ya Butembo. Asubuhi alivaa sweta yangu juu ya kitenge, akaketi mlangoni, akauliza kama leo njia iko sawa. Kuna siku ilikuwa sawa, kwa wanaotaka kujaribu, na nilimwambia haiko. Nilikuwa naogopa kwamba akifika kule hatutakuwa na namna ya kumrudisha. Aliniamini, kama alivyoniamini kaka.

Alikufa kwa kifua, katika mvua za mwisho wa mwaka. Alikuwa ameomba jambo moja, alazwe pembeni ya baba. Tulizunguka mji siku mbili tukitafuta gari la kupeleka mwili Beni. Wenye magari walitupa pole, wakatukaribisha kuketi, wakakataa. Wiki ile wale wa msituni walikuwa wameua tena kwenye kile kipande. Siku ya tatu wamama wa kanisa walisema mwili hauwezi kungoja zaidi. Tulimzika hapa Butembo, kwenye mteremko wa udongo mwekundu unaoteleza, kati ya watu tusiowajua.

Tulipokuwa tunarudi kutoka makaburini, nilimwambia kaka kuhusu bidon ya Beni. Nilikuwa nimebeba maneno hayo muda mrefu mno. Nilimwambia nilishika funeli, nilisikia harufu ya mafuta ya taa, nikanyamaza.

Hakusimama. Aliendelea kutembea, anachagua pa kukanyaga kwenye matope.

"Na mimi nilisikia ile harufu," akasema.

"Sasa juu ya nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kulikuwa esansi ingine?"

Nilidhani nikisema nitapumua. Sikupumua. Nilikuwa nimejijengea katika kichwa changu barabara mbili, moja ya super na moja ya ordinaire, na kila siku nilikwenda nikasimama kwenye njia panda nikajiadhibu. Sasa nikaona kwamba kaka hakuwahi kuona njia panda yoyote. Alikuwa ameniuliza kwa adabu tu, pengine ili nisijione mdogo, mimi niliyesoma.

Baada ya matanga aliondoka. Alikwenda Kasugho, kwa wajomba, upande wa msituni, akapewa kipande cha kulima maharagwe na mihogo. Nilimtembelea mara moja. Alikuwa amekonda, ana kikohozi kile cha mama, na mikono yake ilikuwa imerudi kuwa ya mkulima. Alinionyesha mistari ya mihogo, akanieleza ipi imeshikwa na ugonjwa wa majani. Ilikuwa karibu yote. Tulikula, tukazungumza juu ya watoto wangu. Juu ya gari hatukuzungumza. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka pale njia inapogawanyika, akanipa mkungu wa ndizi, akageuka kabla yangu.

Wiki iliyopita alipiga simu wakati wa mapumziko shuleni. Alisema na kule watu wameanza kufunga mizigo. Wengine wamekwishatoka. Yeye bado.

Nikamwambia aje kwangu, Mususa, chumba cha mama kiko wazi.

"Nikuje kufanya nini, mudogo?"

Nilisikia upepo kwenye simu yake, na mtu anaita mbuzi. Halafu mtandao ukakatika, au yeye aliikata simu. Nilijaribu mara tatu, haikupita. Kengele ililia. Nilikuwa na saa ya kufundisha mwaka wa nne, nikachukua chaki nikaingia.